Teik, Mlinzi wa Mabibi

Shemeji yangu Cheah Boon Teik hakumgusa Bibi hata mmoja kabla ya kutumbukiza mikono yake katika beseni la maji ya kisima. Aliiacha humo mpaka vidole vikawa baridi na kukunjamana kama vya mtu aliyefua nguo tangu asubuhi. Kisha aliipangusa kwa kitambaa cheupe alichokitundika shingoni, na ndipo aliposogelea tawi.

"Wana vishimo viwili hapa," alikuwa akiwaambia wageni, akigusa kati ya jicho lake na pua yake, "na kwa vishimo hivyo wanaona joto. Mkono wa moto kwao ni kama mtu anayeingia nyumbani kwako akipiga kelele. Mimi naingia nimevua viatu."

Naandika habari zake kwa sababu sokoni kwetu Balik Pulau, upande huu wa kisiwa, bado wapo wanaosema kwamba aliwauza Mabibi wa hekalu kwa wapishi wa supu mjini. Nimeishi katika ukoo wa Cheah miaka arobaini na mitatu. Wengi wa wasemaji hao nimewafundisha mimi kusoma na kuandika, na ninajua Mabibi walikwenda wapi. Walivuka kijito.

Teik alizaliwa katika chumba kilicho nyuma ya jiko la hekalu, na humo ndimo alimolala maisha yake yote. Baba mkwe wangu alikuwa mlinzi wa hekalu, na baba yake kabla yake. Wana walikuwa wawili. Mkubwa, Boon Kheng, ambaye baadaye alinioa, alisomeshwa mpaka chuo cha ualimu. Mdogo alitolewa shule akiwa darasa la nne kwa sababu kilima kilihitaji mtu wa kufagia. Sijapata kumsikia akilalamika. Alipoulizwa, alijibu kwamba kaka yake alisoma kwa niaba ya wawili, naye alifagia kwa niaba ya wawili, basi kazi za nyumba ziligawanyika sawa.

Alikuwa mwembamba, mwenye masikio makubwa, na alikuwa na tabia ya kuimbia puani nyimbo za maigizo ya sikukuu alipokuwa akifagia. Aliimba sehemu za wanawake tu, kwa sababu, alisema, hadhira yake ilikuwa ya wanawake. Hakuoa. Wanawake waliokuja kupika siku za sadaka hawakuchoka kumtania.

"Teik, mwaka huu nao umepita. Utaoa lini?"

"Nina Mabibi thelathini na mmoja. Wa thelathini na mbili atakaa wapi?"

"Atakaa jikoni."

"Jikoni ndiko wanakokaa panya, dada. Mabibi watamfuata huko."

Ndani ya ukuta wa hekalu hakuna aliyetamka neno nyoka. Wale wakubwa, wanene kama kifundo cha mkono wa mwanamume, weusi wenye mikanda ya manjano, kichwa kipana kama jembe dogo, tuliwaita Mabibi. Walikaa juu ya mkungumanga wa uani na juu ya matawi makavu ambayo Teik aliyasimamisha ndani ya mitungi pande mbili za madhabahu. Bibi akishachagua tawi lake, anaweza kukaa hapo miezi mitatu bila kusogea ila kumeza panya. Waumini waliwaletea mayai. Mayai yaliwaleta panya, na panya ndio waliokuwa chakula chenyewe. Teik aliyajua hayo tangu utotoni, lakini hakumwambia muumini yeyote, kwa sababu mtu aliyepanda ngazi tisini na yai mkononi, alisema, hastahili kuambiwa kwamba amemletea panya.

Kulikuwa na wengine pia, wadogo, wembamba kama kidole, wa kijani kibichi wenye vidoa vyeupe na vyekundu ubavuni. Hao hawakutulia. Leo utawaona kwenye paa, kesho kwenye kapu la ubani. Mwaka mmoja, siku ya sikukuu ya Mtukufu wetu, mungu wa hekalu, mke wa mfanyabiashara mmoja aliinua fungu la vijiti vya ubani, akang'atwa kifundoni na wa kijani. Mkono ulimvimba mpaka kiwikoni. Alipona, lakini watu waliogopa, na kwa muda mrefu kilima hakikupata wageni.

Mume wangu wakati huo alikuwa Mwalimu Mkuu. Hakupenda jambo lipite bila kuelezwa. Likizo hiyo aliketi mezani wiki mbili akachora chati kubwa ya karatasi iliyogandishwa juu ya kitambaa. Kulia alimchora Bibi, mkanda kwa mkanda, na chini yake akaandika: "Nyoka wa hekalu. Mpole." Kushoto alimchora wa kijani, akaandika: "Nyoka wa kijani. Mgeni, mchokozi, mla watoto wa wenzake." Pembeni aliweka jina lake na cheo chake. Ilitundikwa ukutani shuleni, na ilikuwa kazi nzuri. Wakaguzi wa elimu walikuja kuitazama, na nakala yake ilichorwa na kila mtoto aliyepita darasa la tano. Mimi mwenyewe niliifundisha miaka kumi na sita.

Alipomaliza chati alipanda kilimani akamwambia mdogo wake asimwache wa kijani hata mmoja ndani ya ukuta. Teik alisema, "Sawa, kaka," na kuanzia siku hiyo alitii. Kuua hakuweza. Alimpoza kila mmoja kwa upole wake wa siku zote, akamtia katika kikapu cha henzirani chenye jani bichi la mgomba, akashuka ngazi tisini, akavuka kijito, akamwachia katika shamba la duriani la Mat Noh. Mat Noh ni Mmalei, rafiki yake tangu walipokuwa wakiiba shokishoki pamoja.

"Kaka Mat, nimekuletea mgeni."

"Mwache mti wa mwisho kule. Anakula panya?"

"Anakula."

"Basi karibu nyumbani, bwana mdogo. Usimng'ate mke wangu. Mimi unaweza, nimezoea."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka kumi na tisa.

Mabibi wakaanza kupungua. Hapakuwa na mwaka ambao mtu angeweza kuunyoshea kidole. Tulisema ni ukame, tukasema ni msitu wa juu uliokatwa, tukasema moshi wa ubani wa siku hizi una dawa mbaya. Mume wangu alipofariki walikuwa tisa. Miaka minne baadaye, siku ya sikukuu, wageni walipanda kilimani wakamkuta Bibi mmoja tu kwenye mkungumanga, na matawi ya madhabahu yakiwa matupu kama vitanda vya hospitali iliyofungwa.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Khoo Sian Lip, mwenye duka la misumari na rangi. Ni mtu mwenye bidii, hilo silikatai. Alisimama mbele ya wageni akatangaza kwamba baada ya siku kumi na tano kamati itakaa, na mlinzi ataeleza Mabibi wako wapi. Akishindwa, hekalu litakabidhiwa kwa mtu wa mjini ambaye ataleta nyoka wake mwenyewe katika masanduku ya vioo.

"Vioo ni salama," Khoo alisema. "Na watakaa wanapowekwa."

Teik alikuwa amesimama nyuma na fagio lake. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na hakuwa amewahi kulala usiku mmoja nje ya chumba kile.

Siku ya tatu baada ya sikukuu nilimpelekea uji na yai la chumvi. Bibi alikuwa kwenye tawi lake la siku zote. Juu ya mgongo wake alilala wa kijani, kidevu kikiwa shingoni mwake, mkia umejisokota kwenye mkia. Teik alikuwa tayari na mikono ndani ya beseni.

"Tazama ujeuri huo," alisema. "Sasa wanapanda hata mgongoni."

"Teik, mbona Bibi mwenyewe hafanyi kitu?"

"Mpole. Kaka aliandika, mpole."

"Ngoja kidogo."

"Nikingoja atamng'ata, shemeji. Huyu ndiye aliyebaki."

Akamwinua wa kijani kwa fimbo yake ya mpera yenye panda, polepole, akamtia kikapuni. Bibi, ambaye hakuwa amesogea kwa miezi miwili, aligeuza kichwa. Alikifuata kikapu kwa kichwa chake mpaka Teik akapotea chini ya ngazi, na baada ya hapo akabaki ametazama upande ule. Mimi ni mjane. Kuna namna ya kugeuza kichwa ninayoijua.

Kesho yake nilikwenda maktaba ya mjini, nikaomba kitabu cha wanyama wa visiwa vyetu. Ukurasa ulikuwa mmoja na picha mbili, na chini ya picha hizo jina moja. Huyu jike, huyu dume. Chini yake, kwa maandishi madogo, ilielezwa kwamba watoto wote huzaliwa wakiwa kijani, wa kike na wa kiume, na wa kike hupata mikanda ya manjano taratibu wanapokua.

Nilisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Kwa vizazi vitatu tuliwaita Mabibi, na hakuna mtu, mwenye cheti au asiye nacho, aliyeuliza waume zao wako wapi. Kwa miaka kumi na tisa Teik alikuwa akiwatoa nje waume, na pamoja nao watoto, na Mabibi wakongwe walipokufa hapakuwa na wa kurithi matawi yao.

Nilikiazima kitabu, nikakiweka kabatini chini ya mashuka, nikafunga kwa ufunguo. Kilikaa humo siku tisa. Sitaki kujitetea. Kwenye maziko ya mume wangu watu watatu walisimama kusema, na wote watatu waliitaja chati.

Siku ya tisa nilikwenda sokoni kununua mayai kwa Ah Gaik, ambaye ana mayai mazuri na mdomo usio na mlango.

"Kumi kama kawaida, Mwalimu? Nasikia siku hizi anayeyala huko juu ana miguu miwili."

"Nipe mayai, Gaik."

"Sisemi mimi. Wanasema supu za mjini zimekuwa tamu mwaka huu. Wanasema mtu mwembamba vile hawezi kukosa siri."

"Wanasema nani?"

"Watu."

"Watu hao nimewafundisha hesabu na hawakuziweza. Wasijumlishe wasiyoyajua. Nipe mayai."

Nilirudi nyumbani, nikafungua kabati, nikapanda ngazi tisini na kitabu kikiwa ndani ya kapu la mayai.

Teik alisoma kwa kidole, neno moja moja, kama alivyoachia darasa la nne. Picha alizitazama kwa muda mrefu zaidi. Kisha akaketi kwenye kizingiti.

"Huyu ni mume wake."

"Ndiyo."

"Na wale wadogo wadogo kama penseli, niliokuwa nikiwakuta chini ya mitungi?"

"Watoto wake. Wengine walikuwa wa kike."

Alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Nimevunja ndoa za watu miaka kumi na tisa. Na asubuhi nikiwaimbia."

"Hukujua."

"Baba yangu hakuwa akiwatoa. Wao walikuwa wakipita tu, naye akiwaacha. Nilipaswa kuuliza." Alifunga kitabu, akakipangusa jalada kwa kitambaa chake. "Shemeji, kamati isijue."

"Usiposema watakutoa humu, Teik."

"Wanitoe. Mat Noh ana kibanda cha kulindia duriani, nitalala humo. Lakini kaka wakimtoa kwenye ukuta wa shule, atakwenda wapi? Amebaki pale tu."

"Wanasema umewauza."

"Waseme. Mimi sina wanafunzi."

Nilishuka, nikapiga pasi nguo yangu ya bluu ya mikutano, na asubuhi nikaenda shuleni kumwomba Mwalimu Mkuu wa sasa aniazime chati kwa siku moja. Aliitoa ukutani mwenyewe. Nyuma yake rangi ya ukuta ilikuwa mpya, mstatili mzima wa miaka kumi na tisa.

Kamati ilikaa katika ukumbi wa hekalu, wanaume watano na buli la chai. Teik alisimama. Mimi niliketi kando, na chati imeviringishwa magotini.

"Mzee Teik," Khoo alianza, "hatukushitaki. Tunauliza tu. Walikuwa thelathini na mmoja. Wako wapi?"

"Mimi ndiye mlinzi. Kama hawapo, uzembe ni wangu."

"Uliwauza?"

"Hapana."

"Walikufa?"

"Sijui."

Huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia Teik akisema, na aliusema vibaya sana, akiutazama ukuta. Nikainuka, nikaifungua chati juu ya meza, nikaweka vikombe vya chai kwenye pembe zake nne.

"Hii naijua," Khoo alisema, na uso wake ukawa wa mtoto. "Niliichora darasa la tano. Mwalimu Mkuu alinipa tisa kwa kumi."

"Hiyo moja alikunyima kwa nini?"

"Wa kijani nilimtia mikanda ya manjano. Rangi ya kijani ilikuwa imeniishia."

"Basi siku hiyo ulikuwa karibu na ukweli kuliko mwalimu wako. Chati hii ina kosa."

"Shemeji, kaa chini," Teik alisema.

"Nitakaa nikimaliza." Nikafungua kitabu kando ya chati, nikawaonyesha picha mbili na jina moja. "Kosa ni la nyumba ya Cheah, na lilitoka juu. Mume wangu aliliandika, mimi nikalifundisha, na Teik akalitii. Mwenyekiti amelichora, watoto wenu wamelichora, na wote wakapewa alama. Hakuna aliyeuzwa. Wametolewa nje kwa heshima, mmoja mmoja, ndani ya kikapu chenye jani la mgomba, kwa sababu Mwalimu Mkuu aliagiza hivyo."

Mzee mmoja wa kamati, fundi wa majeneza, alivuta kitabu karibu na macho yake.

"Wametolewa wakapelekwa wapi?"

"Vaeni viatu," nilisema. "Si mbali."

Tulishuka ngazi tisini, Khoo akiwa na viatu vyake vya mjini vinavyoteleza, na mimi nimeshika mwavuli. Mat Noh alikuwa akifyeka majani chini ya miti yake, shuka lake la sarong limefungwa juu ya magoti. Alipoona wanaume watano wa hekalu wakivuka kijito kwa mstari, aliliweka fyekeo chini.

"Kuna msiba?"

"Hakuna," nilimwambia. "Tunataka kuwaona wale nyoka aliokuletea Teik."

"Wa kijani? Wako huku na huku, hawakai. Leo asubuhi mmoja alikuwa kwenye kofia yangu." Kisha akainua kidevu kuelekea juu. "Wanene ndio hao."

Tukatazama juu. Kwenye panda la mduriani wa kwanza alikuwapo Bibi, amejikunja, mikanda yake ya manjano inang'aa kwenye kivuli. Kwenye mti wa tatu walikuwapo wawili. Tulitembea shamba zima na shingo zimepinda. Kumi na mmoja nilihesabu mimi, fundi wa majeneza akasema kumi na wawili. Ni wale wadogo kama penseli waliokuwa wa kike, wamekua na kupata mikanda.

"Kwa nini hukusema miaka yote hii?" Khoo aliuliza.

"Nimwambie nani? Aliyewaleta? Nilidhani anajua anacholeta. Nilidhani hekalu lenu limefungua tawi kwangu." Mat Noh alijikuna tumboni. "Halafu waokotaji wangu wakisikia walioko juu ni hao, msimu huu duriani nitaokota mimi na mke wangu, na mke wangu ana mgongo."

Teik alikwenda mti hadi mti, mikono nyuma, kwa sababu haikuwa imepozwa. Chini ya mti wa tatu alisimama muda mrefu.

"Kumbe mko hapa," alisema. "Nami nikilala nikiwaza."

Khoo, ambaye akishaona jambo hupenda liishe siku hiyo hiyo, alisema waletwe magunia, Mabibi wote warudishwe kilimani kabla ya jioni. Hapo ndipo nilipomsikia Teik, kwa mara ya kwanza, akiikatalia kamati.

"Hapana, Mwenyekiti. Bibi akishakaa kwenye tawi lake hahamishwi. Hiyo ni kanuni ya baba yangu. Hawa wameshachagua kwa Mat. Nitachukua wanaume wawili. Wao wamezoea kutembea."

"Na yule wa mti wa tano mchukue," Mat Noh alisema. "Ana hasira, mnisamehe."

Khoo alitazama viatu vyake vilivyojaa tope, akamtazama Teik, akanitazama mimi. "Mpaka sikukuu ijayo," alisema. "Yule wa vioo nitamwambia asije." Halafu, kwa sauti ya chini, kwangu peke yangu: "Mwalimu, ile alama moja nirudishiwe."

"Nitafikiri," nilimwambia.

Wa kijani wa kwanza Teik alimkamata bila shida, mikono ikiwa imepozwa kijitoni. Alipokuwa akimwinua wa pili, Mat Noh alimuuliza kama bibi harusi ameambiwa kwamba wanaletwa wawili, na Teik akacheka, mkono ukatikisika. Aling'atwa kwenye kidole gumba. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, akakaa siku mbili, na kidole kikavimba kama tangawizi.

"Alikukumbuka," Mat Noh alimwambia kitandani. "Ulimtoa kwao akiwa mdogo."

"Ana haki," Teik alisema.

Waume wawili waliachiwa kwenye mkungumanga, na Teik akaacha kufagia chini yake kwa mwezi mzima ili asiwasumbue. Bibi alianza kunenepa. Duriani za mwisho zilipokuwa zikianguka kwa Mat Noh, asubuhi moja mke wake alikuja mlangoni kwangu akisema shemeji yako anaita, na hawezi kuja mwenyewe. Nilipanda upesi kuliko inavyoufaa umri wangu. Nilimkuta Teik ameketi katikati ya ua, magoti yamevutwa mpaka kidevuni, fagio liko mbali naye.

"Usiingie," alisema. "Tazama unapokanyaga."

Walikuwa kila mahali, kwenye mizizi ya mkungumanga, kwenye ukingo wa beseni, mmoja juu ya kiatu chake, wa kijani kama majani ya kitunguu, kila mmoja na kichwa chake kipana kidogo. Ishirini na wawili. Nyoka hawa hawatagi, huzaa.

"Umekaa hapo tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Siwezi kuondoka, wamenizunguka."

"Wa kike ni wangapi?"

"Nani anajua? Nitawangoja wakue." Na akaanza kuimbia puani, polepole, sehemu ya mwanamke.

Chati niliirudisha shuleni baada ya kuirekebisha. Sikuichora upya. Maneno ya mume wangu niliyapiga mstari mmoja kwa wino mwekundu, mwembamba, ili yasomeke, na juu yake nikaandika "Mke" upande wa kulia na "Mume" upande wa kushoto. Pembeni, chini ya jina lake, niliandika langu.

Teik aliomba kuiona. Alikuja siku ya Jumamosi watoto wakiwa hawapo, amevaa shati jeupe lililofungwa mpaka shingoni. Hakuwa ameingia shule ile tangu siku alipotolewa. Alisimama mbele ya ukuta, kofia mkononi.

"Umeacha kosa linaonekana."

"Wanafunzi walione."

"Kaka angekasirika."

"Siku moja. Ya pili angeniomba wino."

Alitikisa kichwa, akatabasamu, kwa sababu alimjua kama nilivyomjua mimi. Akaendelea kuitazama ile pembe yenye majina mawili. Nilimpa kalamu kabla hajaiomba. Aliipangusa mikono yake kwa kitambaa kwanza, kisha akaandika jina lake chini ya langu, kwa herufi za darasa la nne, kubwa na zilizoinama, na akakaa muda mrefu kwenye herufi ya mwisho.

Aliishi miaka saba zaidi, na alifia katika chumba chake, nyuma ya jiko. Siku tuliyomzika kulikuwa na Mabibi kumi na wanne ndani ya ukuta, na wa kijani ambao hakuna aliyewahesabu kwa sababu hawatulii. Anayetaka kujua wale wa kwanza walikwenda wapi asiende sokoni. Aende shuleni, darasa la tano, ukuta wa kushoto, asome pembe ya chini.